Mkono Uliotangulia Korale

Mtu wa Uvira akisikia kwamba nililea watoto wangu kwa kazi ya gofu, kwanza huuliza kama gofu ni chakula au ni ugonjwa. Simlaumu. Huku kwetu tunajua mpira wa miguu, tunajua kupiga kasia, tunajua kulima. Mchezo wa kupiga kimpira kidogo kama yai la njiwa kwa fimbo ya chuma, kukifuata kwa miguu hadi shimoni, kisha kukitoa shimoni ili ukakipige tena, mama yangu marehemu aliuita kazi ya watu wasio na shamba. Lakini Mungu hachagui mlango wa kupitishia riziki ya mtu. Yangu aliipitishia pale, nami nilikula, nikashiba, nikashukuru.

Ninyi vijana wa kanisa letu mliniuliza juzi, baada ya ibada, mtu anajifunza nini katika kazi kama hiyo. Nitawaambia niliyoyaona, bila kuyapanga sana, kwa maana kumbukumbu ya mzee ni kama kuku wa uani: haitembei kwa mstari.

Kiwanja kilikuwa ng'ambo, upande wa Bujumbura. Asubuhi nilitembea hadi Kavimvira, nikavuka mpaka, kisha daraja la Ruzizi, nikafika nyasi zikiwa bado na umande. Siku nyingine tulikuta nyayo za kiboko zimechimba uwanja tulioulainisha jana yake. Tulizifukia kwa mchanga bila kunung'unika, kwa sababu kiboko alikuwapo kabla ya gofu. Nilianza kwa kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji, nikawa mkata nyasi, na mwisho nikawa mwalimu wa mchezo. Katika yote niliyofundisha, jambo moja lilinipa taabu na furaha kuliko mengine, nalo ni mwendo wa fimbo, ile tempo. Kusimama kunafundishika kwa siku moja. Kushika fimbo pia: ishike kama unavyoshika mkono wa mtoto mkivuka barabara, asikuponyoke, wala asilie. Ila tempo inakaa ndani ya mtu, na kuingia ndani ya mtu kunahitaji kubisha hodi.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Barnaba, Mrundi mwenye meno machache na maneno machache zaidi. Siku ya kwanza aliniambia:

"Chukua ndoo."

"Ya kumwagilia nyasi, Mzee?"

"Ya kujifunzia."

Akaijaza maji nusu, akaniambia niishike kwa mikono miwili, niipeleke kulia hadi bega, kisha niirudishe hadi kushoto. Niliipeleka kwa nguvu zote za ujana, nikaigeuza kwa kasi ileile. Maji yakanilowesha mimi na viatu vyake, ambavyo ndivyo pekee alivyokuwa navyo.

Mzee Barnaba alitazama viatu, kisha akanitazama mimi. "Umeona? Ndoo ilirudi na maji yalikuwa bado yanakwenda. Kila kitu kinachopanda kina mkia. Ngoja mkia ufike."

Nilijaribu asubuhi nyingi. Siku maji yalipopanda, yakatulia kidogo kule juu, kisha yakashuka pamoja na ndoo bila tone kudondoka, nilihisi kitu ambacho siwezi kukiandika vizuri. Ilikuwa kama pale mnapoinua mzigo wawili na ghafla mnakubaliana bila kusema. Tangu siku ile mpira wangu ulianza kuruka.

Msidhani tempo ni ulegevu. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mzee Barnaba alikuwa mfupi, mwembamba, na mpira wake uliwapita vijana wenye vifua. Watu walisema anapiga taratibu. Nilimtazama kwa makini, nikaona kushuka kwa fimbo yake ni kwa haraka kama kofi. Kilichokuwa na utulivu ni kupanda, na kile kituo kidogo cha juu. Jicho la mtazamaji linakumbuka utulivu na kusahau kofi.

Mimi mwenyewe nilichelewa kujua neno la kumwambia mwanafunzi. Nilikuwa nikisema "polepole". Akaja mfanyabiashara mmoja wa vitenge wa Kavimvira, mtu mnene, mkarimu, mtiifu kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwa nao. Nikamwambia, kama tunavyowaita matajiri huku, "Polepole, patron." Akapandisha fimbo polepole, akaishusha polepole vilevile. Mpira ukabingirika kama papai lililoanguka kwenye meza ya soko, ukasimama karibu na kiatu chake.

"Mwalimu, nilienda polepole?"

"Ndiyo, patron. Hata mpira umekutii."

Alicheka hadi akakaa chini. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikifikiri. Neno "polepole" linaingia mwilini mwote, linapoza hata pale panapotakiwa moto. Tangu hapo nikaliacha, nikasema "ngoja". Anayengoja ana nguvu zake zote. Hajazitumia tu.

Kulikuwa pia na mkata nyasi mwenzangu, mtu wa Kamanyola aliyekulia katika mashamba ya mpunga. Tulimpa fimbo siku moja kwa mzaha. Akaishika kama jembe, akachimba shimo ambalo ungeweza kupandamo mgomba. Wenzetu walicheka, ila Mzee Barnaba hakucheka. Akasema, "Tazameni alivyoinua." Kweli, aliinua bila pupa, juu pakawa na pumziko, kisha chuma kikashuka kwa uzito wake chenyewe. Tempo alizaliwa nayo. Tulibaki kumwonyesha mahali pa kupiga tu, na kabla ya mavuno kufika alikuwa akitushinda.

Siku hizi kuna simu. Mwanafunzi anapigwa picha za video, halafu zinachezwa taratibu hadi unaona nyasi zikiruka moja moja. Kuna na vidude vinavyolia ti, ti, ti, upande kwa mlio huu na ushuke kwa mlio ule. Sividharau. Macho yangu ya uzee yasingeona yale ambayo simu iliona. Ila simu inakuonyesha kosa lilipo. Haikuambii lilitoka wapi. Hilo nilijifunza kwa Safi, na habari ya Safi ndiyo hasa niliyotaka kuwapa.

Safi mnamjua. Ni binti wa mtaa wa Kasenga, mama yake ni fundi cherehani. Alianza kama mimi, kwa kubeba mifuko, na alipokuwa akingoja wachezaji alichukua fimbo kuukuu akajifunza. Mkono wake wa karibu na shimo ulikuwa wa neema tupu. Mpira ukiwa hatua chache kutoka shimoni, kwake uliingia kama mtu anayerudi nyumbani.

Magoti yangu yalipoanza kunikatalia, wakuu wa kiwanja walisema nafasi yangu ya ualimu itatolewa kwa mtihani. Atakayetaka atacheza mashimo tisa mbele ya kamati, na asizidishe mipigo waliyoiweka. Nafasi kama ile haifunguki ila mwalimu aende nyumbani au aende kaburini. Mimi niliishika hadi nikaota mvi. Safi akiikosa, angebeba mifuko hadi mgongo uvunjike. Na nyumbani kwao mama yake alikuwa ameanza kukosea tundu la sindano, nguo za watu zinarudishwa, na kila jicho mle ndani lilimtazama yeye. Kwenye kiwanja kile hapakuwahi kuwa na mwalimu mwanamke. Mkubwa wa kamati alisema tu, bila ubaya, "Acheze tuone."

Taabu ilikuwa hii: mpigo mrefu wa Safi ulikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba akasikia chui. Fimbo haijafika juu, mikono imeshaanza kushuka. Mpira ulikwenda kulia, ukaenda kushoto, siku nyingine uliruka vizuri tukashangaa wote wawili. Nilikuwa nikimwambia:

"Safi, weye unaitikia Amina na sala haijaisha."

"Papa Yakobo," akanijibu, "sala zenu za wazee iko ndefu sana."

Nikampa ndoo ya Mzee Barnaba. Hakumwaga hata tone. Nikamwambia avue kitenge alichojifunga juu ya sketi, akisokote, afunge fundo kwenye ncha, akizungushe kama fimbo. Zoezi hilo ni zuri, lijaribuni. Ukikimbilia kushuka, kitenge kinakunjamana hewani kama nyoka aliyekufa. Ukingoja, fundo linakugonga mgongoni kwanza, na hapo ndipo unashuka. Fundo lilimgonga mgongoni kila mara, pu, pu, kwa utaratibu kamili. Nikarudisha fimbo, nikaweka mpira chini. Mikono ikakimbia tena.

Tukatazama simu. Simu ikatuonyesha mikono ikitangulia, na miguu na kiuno vikifuata nyuma kama wageni waliochelewa harusi. Nilimwombea. Nilijiombea na mimi akili, maana mwili wa mtu anayeweza kwa ndoo na kwa kitenge si mwili mbovu. Kulikuwa na kitu kinachomshika mpira ukiwapo, na sikukijua.

Jibu nilipewa Jumapili, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wazee wa kanisa. Mnajua Safi alikuwa dirijan wa korale yenu, yaani kwaya, yule anayesimama mbele na kuiongoza kwa mikono. Basi korale ilisimama, Safi akainua mkono, akaushusha, na sauti ikaja baadaye. Niliona hilo kwa mara ya kwanza ingawa nilikuwa nimelitazama kwa miaka. Mkono unashuka, ndipo sauti inakuja. Na lazima iwe hivyo. Dirijan anayengoja sauti kwanza amekwisha kupotea. Tena safu yetu ya besi ni wavuvi, watu wa Mungu, wanaimba nzito kama mtumbwi uliojaa maji. Kuwavuta, Safi alizoea kutangulia zaidi na zaidi. Tangu utoto wake mikono yake ilikuwa na kazi moja: kwenda mbele na kuita kile ambacho bado kimelala.

Na mpira umelala. Ndoo ilikuwa mkononi mwake tayari, kitenge kilikuwa mkononi mwake tayari, havikuhitaji kuitwa. Ila mpira pale chini, kimya, ulikuwa kwake besi wa kanisa la Kasenga. Mikono ilikwenda kuuamsha.

Mahubiri ya siku hiyo sikuyasikia, Bwana anisamehe. Baada ya ibada nilimwita kando.

"Safi, mu gofu weye si dirijan. Weye ni korale."

"Sasa dirijan ni nani?"

"Miguu. Miguu inatoa ishara, mikono inaitikia."

Alifikiri. "Minye nimezoea kutangulia, Papa. Tangu nikiwa mudogo."

"Njo maana nataka ushuke. Uingie mu mustari, uimbe alto, hadi siku ya mtihani."

Uso wake ulibadilika. Alto, kwa wasioimba, ni sauti ya pili ya wanawake, ile isiyoshika wimbo wenyewe. Lakini halikuwa suala la sauti. Ninyi mnajua desturi ya kanisa letu. Mtu wa mbele hashuki bure. Akishuka bila kuugua, amewekwa chini ya nidhamu. Na akiwa msichana, watu hawaulizi. Wanahesabu miezi.

"Unanishusha mbele ya kanisa lote," alisema kwa sauti ndogo. "Batasema nimefanya zambi. Minye sikufanya kitu."

"Najua."

"Weye unajua. Bale mama wa kiti cha nyuma banajua?"

Akaondoka bila kuniaga, na mimi nilikwenda nyumbani nimekunjamana kama kitenge kile. Nilikuwa nimemwomba aweke heshima yake mezani, na heshima ya msichana wa Kasenga hainunuliwi tena ikivunjika. Usiku ule sikumsihi Mungu amlainishe. Nilimwomba tu amsimamie, akatae au akubali.

Siku ya pili aliniwahi mpakani.

"Nimemwambia mama," alisema. "Mama amesema bahesabu. Batafika mwezi wa kumi, batakosa mtoto, batachoka."

Huyo ndiye mama yake. Hata macho yakimkatalia, mdomo haujamkatalia.

Mkuu wa korale, Papa Daudi, alinipokea kwa uso mgumu. "Papa Yakobo, unataka kuniulia korale sababu ya kimpira?"

"Naomba unikopeshe dirijan wako."

"Na besi nitaivuta na nini? Na kamba?"

Lakini alikuwa mtu mwema, akachukua uongozi mwenyewe. Nikaenda kwa mchungaji, nikamweleza. Jumapili akatangaza kwamba dada Safi anapumzika uongozi kwa ajili ya mtihani wa kazi, na kanisa limwombee. Kanisa likasema Amina. Wachache waliendelea kuhesabu.

Mama Zawadi mnamkumbuka, nguzo ya alto, mwenye bega kama mlango. Safi alipangwa kando yake. Wimbo wa kwanza tu, Safi akaingia kabla ya mkono wa Papa Daudi kushuka, peke yake, wazi kama kengele. Mama Zawadi akamfinya. Wimbo wa pili akaingia tena mapema. Akafinywa. Alto kazi yake ni kungoja: sauti ya kwanza inaondoka, wewe unapumua, unasikiliza ilipofika, ndipo unaingia chini yake. Kwa mtu aliyezoea kutangulia, kupumua kule ni kurefu kama mfungo.

"Papa, ona mukono," aliniambia kwenye nyasi, akanionyesha alama. "Yule mama anafinya kama kaa."

"Basi yeye ndiye mwalimu wako. Mimi nabeba mipira tu."

Kwenye nyasi hatukupiga sana. Nilimfanya asimame miguu imegusana, apige kidogo kidogo, maana miguu ikigusana huwezi kukimbia bila kuanguka. Nilimfanya ageuze fimbo, ashike upande wa chuma, aizungushe hewani na kusikiliza mlio wake. Mlio ukija kabla ya mahali pa mpira, umemaliza nguvu njiani. Ukija pale pale au mbele kidogo, umefika na nguvu zako. Mlio wa Safi ulikuwa nyuma, karibu na bega lake. Kila Jumapili aliyofinywa, mlio ulisogea mbele kidogo. Sisemi ni kufinywa kulikofanya. Nasema nilichosikia.

Kisha ikaja asubuhi moja yenye ukungu ziwani. Aliweka mpira, akapandisha fimbo, na juu kule nikaona kile kituo. Goti la kushoto likasogea kwanza, dogo sana, kama mtu anayetikisa kichwa kukubali. Halafu mikono ikaja. Mpira haukulia "pa" kama siku zote. Ulilia sauti moja safi, fupi, na tukautazama wote ukienda juu ya matete bila kupinda. Safi alibaki ameshika fimbo begani.

"Ilienda yenyewe," alisema.

"Uliitikia," nikamwambia.

Siku ya mtihani upepo ulitoka ziwani. Wakuu wa kamati walikuwa watatu, na kofia zao wamezishikilia vichwani kwa mkono. Niliruhusiwa kutembea nyuma yao, si kusema. Vijana, kutembea bila kusema nyuma ya mtu unayempenda ni kazi ngumu kuliko kukata nyasi. Mashimo ya kwanza Safi aliyacheza kama anapanga vikombe mezani. Nilianza kupumua.

Katikati ya njia, wawili wa kamati wakanong'onezana. Huenda walizungumza habari ya chai. Safi aliwaona, na mikono ikakumbuka kazi yake ya zamani: ikakimbia. Mpira ukaingia kwenye matete. Akapoteza mipigo pale, na shimo lililofuata tena. Nilimwona akijifuta viganja kwenye sketi. Nilitaka kupaza sauti niseme "ngoja", nikauma ulimi.

Hivyo alifika shimo la tisa bila akiba. Alibakiwa na mipigo mitatu. Mbele yake kulikuwa na bwawa, na ng'ambo ya bwawa bendera ikipigwa na upepo. Mpira ukianguka majini, habari imekwisha, anarudi kwenye mifuko, na mama yake anarudi kupapasa tundu la sindano. Wapo wanaoupitisha mpira pembeni ya bwawa kwa kuhofia, lakini kwa pembeni mipigo mitatu haitoshi.

Safi alichagua fimbo. Alisimama nyuma ya mpira akitazama bendera, na nikasikia anaimba kwa pua, chini chini. Mkubwa wa kamati akainama kwangu.

"Anaimba nini? Mimi nyimbo nyingi nazijua, huu siujui."

Angeujuaje? Ilikuwa alto peke yake. Alto peke yake haina utamu, ni kama sombe, yale majani ya muhogo, bila mafuta. Inapanda kidogo, inakaa kimya, inashuka mahali ambapo hukutarajia, kwa sababu inangoja sauti nyingine ambayo wewe huisikii. Mimi nilikuwa naisikia. Nilijua ni wimbo gani, na nilijua mahali hasa ambapo Mama Zawadi angekuwa amekaza vidole vyake.

Akasogea kwenye mpira. Akapandisha fimbo. Ikafika juu, na yeye akaiacha ifike. Nawaambia, kile kituo kilikuwa kidogo kuliko kukonyeza jicho, lakini mimi nilipita mle ndani na maisha yangu yote, ndoo na viatu vya Mzee Barnaba, na papai la patron. Goti likakubali. Mikono ikaitikia.

Mpira ulipanda dhidi ya upepo, ukavuka maji kwa nafasi kubwa, ukaanguka kwenye nyasi fupi, ukaruka mara moja, ukabingirika, ukalala karibu na bendera kiasi cha urefu wa mtu. Kutoka pale hadi shimoni kulikuwa ni mkono wake wa karibu, na nimewaambia habari za mkono huo. Aligonga mara moja. Mpira ukaingia. Akamaliza na mpigo mmoja mkononi ambao hakuuhitaji.

Mkubwa wa kamati alivua kofia, upepo ukazivuruga mvi zake. "Mwalimu Safi," alisema, "utaanza Jumatatu."

Nilimshukuru Mungu pale pale, kwa sauti, nimesimama kwenye nyasi. Wale wakuu watatu walingoja hadi nikamaliza, na mmoja akasema Amina mahali pake hasa.

Kanisani mliona wenyewe. Papa Daudi alimrudishia Safi mahali pake mbele, na korale ikaimba kuliko zamani. Papa Daudi alinieleza sababu: "Sasa anajua kule nyuma tunasikia nini. Anatungoja kidogo, na besi inafika bila kuvutwa." Wavuvi wetu siku hiyo waliimba hadi mabati yakatetemeka, na hakuna aliyechelewa hata mmoja. Mama Zawadi peke yake alilalamika kwamba vidole vyake vimekosa kazi. Na wale waliokuwa wakihesabu miezi walipiga makofi pamoja na wengine, nasi tukawapokea, maana furaha ikiwa kubwa haina nafasi ya kinyongo.

Jumatatu nilimsindikiza hadi Kavimvira. Yule askari wa mpaka anayeandika wapitaji alimwona, akaanza kuandika kabla ya kuuliza, kama alivyofanya siku zote: mubeba mizigo.

"Hapana, chef," Safi alisema, kama tunavyowaita wakubwa wote. "Andika mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa gofu."

Akaweka kalamu chini. Nyuma yetu wanawake wenye mabeseni ya nyanya walikuwa wameanza kunung'unika, na wabadilisha pesa wakasogea kusikiliza. "Mwalimu," alirudia yule askari. "Basi nifundishe, nione."

Safi akaniomba mwavuli wangu, akampa. Akamsimamisha vizuri, akamlegeza vidole kimoja kimoja, akamsukuma goti kidogo kwa ncha ya kiatu. Askari akainua mwavuli hadi begani, akataka kuushusha.

"Bado, chef."

Akabaki vile, mwavuli juu, na mstari mzima wa mpaka ukimtazama. Hata mabeseni yalishushwa chini. Safi alimwacha pale kwa utulivu, kama mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi.

"Sasa."

Mwavuli ukashuka kwa nguvu, ukafunguka wenyewe, ukamfunika uso. Watu walicheka, na yeye akacheka chini yake. Akaurudisha, akakaa, akafuta neno la kwanza, akaandika lile jipya kwa herufi kubwa, kisha akagonga muhuri.

Safi alivuka. Mimi sikuvuka. Nilisimama upande wetu hadi alipochanganyika na watu wa ng'ambo, nikakunja mwavuli, nikageuka kurudi nyumbani na asubuhi nzima mikononi mwangu. Nilimshukuru Mungu kwa asubuhi hiyo, nikapita sokoni kununua ndakala, wale dagaa wetu.